Kabla Mwanao Hajatia Sahihi

Mama wa Kibosho, baba wa Marangu, amka! Kijana wako yuko mahabusu katika gereza la Karanga, karatasi ya kukiri kosa imeshaandikwa, na siku ulipokwenda kumwona ulimwambia maneno matatu: kiri tu, yaishe.

Yaishe? Hayaishi!

Tangu 2019 Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, inamruhusu mshtakiwa kupatana na mwendesha mashtaka: akiri, apunguziwe mashtaka, alipe fidia. Aliyekosa kweli na apatane, simlaumu. Nalilia yule asiyejua anachokiacha! Akishakiri kwa njia hiyo ameacha kesi isisikilizwe, ameacha mashahidi wasihojiwe, ameacha rufaa. Atakachoweza kukatia rufaa ni adhabu tu, ukubwa wake au uhalali wake. Hatia yenyewe haiguswi, labda arudi mahakamani kuonyesha kwamba hakukiri kwa hiari au alipotoshwa. Atamshawishi nani, na sahihi yake iko pale?

Mtazame mzee anayepima kihamba, shamba la babu yake, kwa hatua, mgomba hadi mgomba, mpaka kwenye masale ya makaburini. Anakiuza ili fidia ilipwe. Hajaisoma ile karatasi. Hajamuuliza wakili. Hajamuuliza hata mwanawe: ulifanya?

Kwetu Uchagani ukibeba jani la sale kuomba msamaha, unapokewa hata kama ugomvi ni wa miaka. Mahakama haipokei sale!

Na wewe unajua. Unajua kijana alikuambia, "Baba, mzigo haukuwa wangu." Unajua ukanyamaza, kwa sababu umechoka nauli, umechoka tarehe, umechoka aibu ya kanisani. Uchovu wako usimfunge mtoto!

Hakimu atamuuliza kama amekubali kwa hiari, kama anaelewa haki anazoziacha. Kijana mwenye hofu hujibu "ndiyo" kabla swali halijaisha. Mwandae sasa, kwa maana kabla ya "ndiyo" hiyo bado anaweza kukataa!

Usingoje siku ya soko, usingoje kahawa ikauke, usingoje shemeji atoke Dar! Teremka Moshi kesho alfajiri. Tafuta wakili. Huna fedha? Uliza msaada wa kisheria. Ipo sheria yake tangu 2017, kwa ajili ya asiye na uwezo. Kisha nenda Karanga, mtazame mwanao usoni, ufute lile neno ulilomwambia. Mwambie asome kwanza.