Nyumba ya karatasi na heshima ya mkimbizi

Wapo wanaosema kuwa kumjengea mwenye dhiki nyumba ya karatasi ni kumdharau. Wanauliza: kama karatasi inafaa, mbona matajiri hawalali humo? Ni swali la haki, na tusilijibu kwa kejeli.

Mwaka 1994 zaidi ya watu milioni mbili waliikimbia Rwanda, wengine wakaingia hapa kwetu Ngara. Shirika la wakimbizi la Umoja wa Mataifa, UNHCR, liligawa maturubai na nguzo za alumini. Baadhi ya wakimbizi waliziuza nguzo zile, kisha wakakata miti ili wasimamishe maturubai. Misitu ikaumia. Msanifu majengo wa Japani, Shigeru Ban, akapendekeza nguzo za mabomba ya karatasi: nyepesi, zinatokana na karatasi iliyokwishatumika, na hazina bei ya kumshawishi mtu aziuze.

Ban huyo huyo, mwaka 1995, alikamilisha nyumba ya mapumziko kando ya ziwa Yamanaka, nguzo zake zikiwa mabomba ya karatasi. Basi mwenye uwezo naye hulala humo. Mwaka huo tetemeko la Kobe liliua zaidi ya watu 6,000, na majengo mengi mazito yaliporomoka. Kanisa la karatasi alilojenga huko kwa muda tu lilidumu miaka 10, likafunguliwa vipande na kusimamishwa tena Taiwan. Kwa hiyo, ndugu msomaji, uzito wa ukuta si kipimo cha utu.

Hata hivyo, sijaridhika. Aliyeuza nguzo ya alumini alikuwa muhitaji. Ukimpa nguzo isiyouzika umeuokoa msitu, lakini shida iliyomfanya auze bado anayo. Ukiishia hapo, umeuhurumia mti kuliko mtu.

Kwa maoni yangu, dharau haimo katika karatasi. Imo katika neno "muda", pale tunapompa mtu hifadhi ya miezi kisha tukamsahau humo kwa miaka. Kujenga kwa vitu vyepesi vinavyotumika tena ni kuepuka israfu, na hilo ni jema. Lakini wepesi wa nyumba usiwe wepesi wa wajibu wetu. Anayetoa hifadhi ajiulize mambo mawili: je, mimi ningelala humu? Na nitarudi lini kumtazama?