Pumzi ya Uhai na Moshi wa Jikoni

Masomo: Mwanzo 2:7, Kumbukumbu la Torati 6:6-7



Kitabu cha Mwanzo kinatufundisha kwamba Mungu alimfanya mtu kwa mavumbi, kisha akampulizia pumzi ya uhai. Basi hewa tunayovuta ni zawadi yake, na anayeichafua anamdhuru jirani yake.

Wengi wetu tulivuka mpaka kutoka Kongo mwaka 2017 na watoto mgongoni, tukapita Kenani, kisha kuanzia mwaka 2018 tukaletwa hapa Mantapala. Watoto tuliowaokoa na risasi, je, tuwaachie moshi? Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2020 moshi wa majumbani uliua watu milioni 3.2 duniani. Kati yao, zaidi ya 237,000 walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Moshi huo hudhoofisha mapafu ya mtoto, na nimonia humpata kwa urahisi.

Mtu atauliza: “Mchungaji, hatuna umeme wala gesi, tutapika na nini?” Ni neno la kweli. Moto si dhambi. Bwana wetu mwenyewe, baada ya kufufuka, aliwaandalia wanafunzi samaki juu ya moto wa makaa (Yohana 21:9). Lakini alikuwa kando ya ziwa, mahali pa wazi, kama wavuvi wa hapa Mweru.

Torati inatuagiza kuwafundisha watoto tukiwa nyumbani na tukiwa njiani. Tuwafundishe haya:

1. Kuni zianikwe zikauke, zipasuliwe ndogo. Kuni mbichi hutoa moshi mwingi.

2. Maharage yalowekwe tangu usiku, na sufuria ifunikwe. Chakula kitaiva upesi na kuni zitapungua.

3. Tupikie nje au penye madirisha wazi. Mtoto mchanga asikae mgongoni mwa anayepika.

4. Plastiki na sashe zisichomwe, wala zisitumike kuwashia moto. Moshi wake una sumu.

5. Mbabula yenye makaa isiingizwe chumbani usiku wa baridi ya Juni na Julai. Makaa hutoa hewa ya sumu isiyoonekana wala kunuka. Familia nzima inaweza kulala isiamke.

Watoto huelewa kwa kuona. Mzazi, shika sahani nyeupe juu ya moshi wa kuni mbichi, kisha mwonyeshe mtoto masizi. Mwambie kwamba kifua chake nacho hupakwa hivyo. Rudia kwa kuni kavu, naye ataona tofauti mwenyewe.

Tuombe: Ee Mungu uliyetupa pumzi, utupe hekima ya kuwalinda watoto uliotuvushia salama. Kwa jina la Yesu. Amina.