Amana ya Mwenye Kuwaita Vijana Jeshini

Kwa jina la Mwenyezi Mungu, Mwingi wa rehema, Mwenye kurehemu.

Sifa njema zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeamuru ukweli na kuharimisha khiana. Na rehema na amani zimshukie Mtume wake Muhammad, ambaye watu wa Makka walimwita Mwaminifu kabla hajapewa utume, na jamaa zake, na Sahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Watu wa Kanga na vijiji vya kaskazini ya Mafia ni watu wa minazi, mihogo, ng'ombe na bahari. Kijana wao amalizapo skuli, njia zilizo mbele yake si nyingi: ama ashike jembe na wavu kama babaye, ama ashuke Kilindoni apande chombo, akatafute riziki bara. Ndipo ajapo mtu na kumwambia, "Njoo jeshini." Mtu huyo huenda akawa ofisa mwenye idhini ya Serikali, huenda akawa laghai mwenye karatasi ya uongo, huenda akawa wakala wa nchi ya mbali asiyeonekana uso, ila maneno yake hufika katika simu. Wote watatu huzungumza na kijana mmoja, ambaye hajapata kuona kambi wala vita, na hana kipimo cha kupimia maneno ila uso wa asemaye.

Kwa hiyo neno la risala hii ni moja: mwenye kumwita kijana jeshini amebeba amana, na amana hiyo haitimizwi mpaka aseme machungu kama asemavyo matamu.

FASILI YA KWANZA: HUKUMU YA MWENYE KUFICHA AIBU

Imepokewa katika hadithi ya kuwa mwenye kutakwa shauri ni mtu aliyeaminiwa. Basi kijana amwulizapo ofisa, "Je, niingie?", ofisa yule si mchuuzi tena, amekwisha kuwa mshauri, na mshauri akificha alijualo amekhini.

Na imepokewa vile vile ya kuwa Mtume (s.a.w.) alipita sokoni Madina, akaona chungu ya chakula. Akatia mkono ndani yake, vidole vikakuta maji. Akamwuliza mwenyewe, naye akajibu ya kuwa mvua imeinyea. Mtume akamwuliza kwa nini hakuyaweka juu yale yaliyorowa, watu wakayaona. Kisha akabainisha ya kuwa mwenye kughushi hana sehemu kwake.

Na aangalie mwenye akili: mtu yule hakusema uongo hata neno moja. Alinyamaza tu, akaacha nafaka kavu ikae juu na mbichi chini. Ikiwa kunyamaza kwa namna hii kumelaumiwa katika pishi ya chakula, ambayo mnunuzi aweza kuirudisha kesho yake, itakuwaje katika ujana, ambao ukienda haurudi? Mwenye kumwonyesha kijana sare, gwaride na mshahara, akanyamaza juu ya muda wa mkataba, adhabu za kijeshi, kutengwa na wazee, na mauti, ameweka nafaka kavu juu.

FASILI YA PILI: MWENDO WA MTUME ALIPOWAITA WATU VITANI

Katika mwaka wa 9 wa Hijra, uliolingana na mwaka 630 wa Miladi, Mtume (s.a.w.) aliwaita watu kwenda Tabuk. Amesimulia Kaab bin Malik, Mwenyezi Mungu amwie radhi, ya kuwa desturi ya Mtume atokapo kwa vita ilikuwa kuficha mwelekeo wake, adui asipate khabari. Lakini safari hii aliwafunulia watu jambo lote waziwazi: jua kali, jangwa refu, na adui mwingi, ili killa mtu ajitengeneze kwa lile analoliendea. Na wakati ule matunda yalikuwa yameiva na vivuli vinapendeza, hata nafsi ya mtu ikatamani kubaki. Juu ya hayo hakupunguza neno katika uzito wa safari.

Katika siku zile zile walikuja watu maskini wakitaka wapewe wanyama wa kupanda ili nao waende. Mtume akawaambia ya kuwa hana cha kuwapandisha. Wakarudi macho yao yakichuruzika machozi, na khabari yao imetajwa katika Sura ya Tawba. Angaliweza kuwaambia wafuate nyuma, huenda kitapatikana. Hakusema hivyo. Machozi ya ukweli ni mepesi kuliko tumaini la uongo.

Na kabla ya hapo, katika siku ya Uhud, Abdallah bin Umar aliletwa mbele yake, umri wake miaka 14, akamrudisha nyumbani. Alipoletwa tena siku ya Khandaq, umri wake miaka 15, akamkubali. Wala haikuwa Uhud siku ya wingi wa watu. Waislamu walikuwa wachache na adui wengi. Pamoja na haja ile, mtoto alirudishwa. Na alipokuja mtu kutaka ruhusa ya kwenda jihadi, Mtume alimwuliza kama wazee wake wawili wa hai. Aliposema ndiyo, akamwelekeza akajitahidi katika kuwatumikia hao.

Basi hizi ni alama nne za mwitaji mwaminifu: hutaja taabu kabla ya safari; haahidi asichonacho; humrudisha asiyetimia umri; na huuliza khabari za wazee.

FASILI YA TATU: YALIYOPITA KATIKA NCHI HIZI

Watu wa Mafia wanajua ya kuwa vita vya wakubwa hufika hata katika visiwa. Mwezi wa Januari 1915 Waingereza walikiteka kisiwa hiki kutoka kwa Wadachi, wakakifanya kituo cha ndege zao za kuitafuta manowari Königsberg, iliyojificha katika midomo ya Rufiji. Ikaangamizwa tarehe 11 Julai mwaka huo.

Vita vile vilihitaji wachukuzi. Mamia ya maelfu ya Waafrika walitwikwa mizigo, wengi wao kwa kushurutishwa, na waliokufa kwa maradhi, njaa na uchovu hukadiriwa kufika karibu 100,000. Jina la Kariakoo, katika mji wa Dar es Salaam, ni athari ya jeshi lile la wachukuzi. Ama askari Waafrika waliompigania Mdachi, vita vilikwisha mwaka 1918 na mishahara yao haijakamilika. Hata mwaka 1964 ndipo Serikali ya Ujerumani ya Magharibi ilipowalipa wazee waliosalia. Imepita miaka 46! Nayo sharia yaagiza mwajiriwa apewe ujira wake kabla jasho lake halijakauka. Wangapi walikwisha kuingia kaburini na haki yao ikidaiwa?

FASILI YA NNE: YALIYOPO LEO

Kuilinda nchi si jambo la kulaumiwa, na askari mwenye kukesha mpakani ili raia walale anafanya kazi yenye heshima. Jeshi la Kujenga Taifa liliundwa tarehe 10 Julai 1963. Mafunzo yake ya lazima yalisimamishwa mwaka 1994, yakarejeshwa mwaka 2013 kwa wanaomaliza kidato cha sita. Wako pia vijana wanaoingia kwa kujitolea. Na katika matangazo yake ya kuwaita hawa, Jeshi hilo limekuwa likitamka wazi ya kuwa halitoi ajira, wala halimtafutii mtu ajira. Linatoa mafunzo tu, yatakayomwezesha kijana kujitegemea. Tamko hili ni katika ukweli unaostahiki kusifiwa, kwani ni mfano wa kusema, "Sina cha kukupandisheni."

Lakini tamko likiwa katika karatasi, na ulimi wa watu ukisema mengine, kijana huufuata ulimi. Ndugu humwambia, "Ingia tu, mbele ya safari watakuchukua." Mwezi wa Aprili 2021 Jenerali Venance Mabeyo, aliyekuwa Mkuu wa Majeshi, alitangaza kuondolewa kwa vijana 854 katika JKT, baada ya kugoma na kutaka kuandamana, wakidai waandikwe katika jeshi. Haifai kwa aliye mbali kuhukumu kati yao na wakubwa wao. Lakini ibra yake iko wazi: tumaini lisilobainishwa mapema huwa fitina baadaye.

Na mwenye kutaja heshima ya sare ataje na bei yake. Tarehe 7 Desemba 2017 katika Kivu ya Kaskazini, huko Kongo, kambi ya walinzi wa amani wa Umoja wa Mataifa ilishambuliwa, na askari 14 wa Tanzania wakauawa siku ile. Walikuwa mbali na nchi yao, wakilinda watu wasiowajua. Kijana anayeitwa leo ana haki ya kuisikia khabari hii kabla hajatia sahihi.

Kisha wako matapeli, wanaouza nafasi za jeshi. Jeshi lenyewe limewaonya wananchi mara nyingi juu yao. Mzee huuza ng'ombe wake, au huweka rehani minazi yake, ili mwanawe apate nafasi. Mwisho hapana nafasi wala ng'ombe. Na mzee huyo naye ajiulize: fedha ile, lau ingalifika kwa mwenye mamlaka, isingalikuwa rushwa?

Khatari iliyo kubwa zaidi ni ile ya ng'ambo. Mwanafunzi mmoja wa Tanzania, aliyekwenda Urusi kusoma, alifungwa huko. Akaahidiwa msamaha kama ataingia katika kikosi cha Wagner, akauawa Ukraine mwezi wa Oktoba 2022. Mwaka 2024 ilidhihirika ya kuwa mabinti wa Kiafrika, wenye umri wa miaka 18 hata 22, wengine wakitoka Uganda na nchi nyingine za Afrika ya Mashariki, waliitwa kwenda Tatarstan kwa ahadi ya masomo na kazi za mahoteli. Walipofika wakawekwa kuunda ndege za vita zisizo na rubani. Na mwezi wa Novemba 2025 Serikali ya Kenya ilisema ya kuwa Wakenya zaidi ya 200 huenda wameingia katika jeshi la Urusi; na baadhi yao waliitwa kwa kazi nyingine kabisa. Hapo si nafaka mbichi chini ya kavu; ni mchanga chini ya nafaka.

FASILI YA TANO: MASUALA MAWILI

Akiuliza mtu: Je, haikupokewa ya kuwa vita ni hila? Jawabu: Hila ile ni kwa adui aliye katika uwanja wa vita. Mwana wa Mwislamu, au mwana wa jirani, aliyekaa darasani na daftari lake, si adui. Mwenye kumfanyia hila amemweka mahali pa adui bila ya haki.

Akiuliza tena: Mwitaji akisema machungu yote, nani atakayemfuata? Jawabu: Jeshi la Tabuk, lililoambiwa jua, jangwa na adui, hutajwa kuwa lilifika watu 30,000, nalo ni kubwa kuliko yote yaliyotoka pamoja na Mtume. Mwenye kuingia baada ya kujua husimama siku ya shida. Mwenye kuingia kwa kudanganywa hutafuta mlango siku ya kwanza.

FASILI YA SITA: WAJIBU WA KILLA MTU

Mwitaji aseme muda, mshahara, kazi, adhabu, khatari, na jinsi ya kutoka. Asiloliahidi Jeshi, asiliahidi yeye. Hata mapatano ya mataifa ya mwaka 2000, yanayowalinda watoto wasitiwe vitani, yameshurutisha kwa aliye chini ya miaka 18 ridhaa yake mwenyewe, idhini ya wazee wake, na kuelezwa kwa ukamilifu kazi za jeshi. Waislamu hawakustahili kuwa nyuma katika jambo ambalo Mtume wao alilitenda zamani.

Mwalimu asimkaribishe mgeni darasani mpaka ajue ametumwa na nani. Akisha kusema mgeni, mwalimu awaachie wanafunzi waulize, wala asimkemee aulizaye. Na aitwe askari aliyestaafu, aliye mkaazi wa hapo hapo, naye aseme aliyoyaona.

Mzazi asimsukume mwanawe kwa ajili ya mshahara, wala asimzuie kwa khofu tupu. Asome naye karatasi, neno kwa neno.

Na kijana asione haya kuuliza. Aulize: Mkataba ni wa miaka mingapi? Ukisha, nitapata nini kilichoandikwa? Nikiugua au nikifa, wazee wangu watapewa nini? Nitapata wasaa wa sala yangu? Na ahadi isiyoandikwa aihesabu kuwa haipo. Kwani Mwenyezi Mungu ameamuru katika Sura ya Baqara deni la muda liandikwe na lishuhudiwe, na hilo ni deni la mali tu. Kisha aswali Istikhara, ashauriane na wazee wake. Akikubali, akubali kwa macho mawili. Akikataa baada ya kuambiwa kweli, si mwoga, wala asiitwe mwoga. Amepewa hiari yake akaitumia.

Ewe Mola, wajaalie wenye kuita wawe wakweli, na wenye kuitwa wawe na busara. Walinde vijana wa Kanga, na Mafia yote, na nchi zote za pwani na bara, na khadaa za walaghai. Warehemu waliokufa ugenini ambao makaburi yao hayajulikani ila na Wewe, na uwape subira wazee wao. Ijaalie nchi hii amani, walinzi wake wawe waaminifu, na ahadi zake ziwe zenye kutimizwa. Amin.