TAFAKURI YA RAMADHANI, SIKU YA 17: Nani amelipia tofali lako?



Mwezi huu tunajizuia hata na vitu vyetu vya halali, maji yetu na chakula chetu. Leo tuutazame ujenzi kwa jicho hilohilo. Umenunua kiwanja, hela umeitafuta kwa jasho, hujamdhulumu mtu. Je, hiyo inatosha?

Chukua tofali la kuchoma. Unamlipa mfyatuaji, unalipa kuni, unalipa gari. Tanuri linapangwa, linakandikwa tope, magogo yanaingizwa kwenye matundu, moto unawaka usiku na mchana. Aliyekata mti kalipwa jasho lake. Lakini kivuli, mizizi iliyoshika udongo, mvua iliyokuwa ikizama taratibu ardhini badala ya kukimbilia korongoni, hivyo havimo kwenye bei. Anavilipa mwingine: mama anayefuata kuni mbali zaidi, na mtoto ambaye hajazaliwa. Hao hukuwaomba idhini.

Utasema: "Ustadhi, mimi si tajiri. Tofali la kuchoma ndilo ninaloliweza, na vijana wanaochoma wanapata futari yao hapo." Ni kweli, na hapa hatutoi fatwa ya haramu. Kila mtu anabebeshwa kwa uwezo wake. Ila kuuliza nako ni uwezo. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi (NHBRA) ulihimiza matofali ya kufungamana: udongo na saruji kidogo, vinashindiliwa kwa mashine ya mkono, kisha tofali linamwagiliwa maji siku kadhaa mpaka likomae. Halihitaji tanuri. Maji kwetu ni shida, basi yafyatue wakati wa mvua. Na kijana anayechoma leo ndiye huyohuyo anayeweza kushika mashine hiyo kesho.

Tena nyumba haiachi kula siku ya kuhamia. Juni na Julai hapa Tunduma baridi inauma, jamani. Miezi hiyo jua linapita upande wa kaskazini. Na kibla chetu kiko kaskazini, kikielemea mashariki kidogo. Maana yake, upande unaouelekea ukiswali ndio upande wa jua la kipupwe. Weka madirisha makubwa huko, na chini ya bati weka dari. Usipofanya hivyo, jiko la mkaa litaingia chumbani kila usiku. Mkaa ni mti mwingine, na hewa yake ya sumu inaua watu waliolala.

Msikiti wa Mtume (s.a.w.) pale Madina ulijengwa kwa matofali mabichi, nguzo za magogo ya mitende, paa la makuti. Baadaye Sayyidna Uthman (r.a.) aliujenga upya kwa mawe ya kuchongwa. Tunajifunza mawili: utukufu wa jengo hautoki kwenye gharama, na kujenga imara si kosa. Tutakachoulizwa ni israfu, na madhara tuliyomsababishia mwingine.

Na kama huna njia ila tofali la kuchoma? Basi panda miti. Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuwa anachokula mtu, ndege au mnyama katika ulichopanda ni sadaka yako. Mche wa leo hauwi mti wa jana, lakini angalau umeanza kulipa deni. Mwenye deni anayelipa kidogokidogo si sawa na anayekana kuwa anadaiwa.

*Swali la leo kabla ya futari:* wewe unayejenga, au unayepanga kujenga, ni nani anachangia nyumba yako bila kuulizwa? Na utamlipaje?

Ewe Mola wetu, tupe makazi yenye baraka, na usituache tujenge raha yetu juu ya taabu ya wengine. Aamin.

Mtumie na ndugu aliye kwenye msingi, kabla hajapandisha ukuta. Ramadhani Kareem.