Kaburi Lisilo na Mwenyeji

Kaburi la Mwalimu Julius Nyerere liko Mwitongo, Butiama, katika kijiji alikozaliwa mwaka 1922 na kuzikwa Oktoba 1999. Watu wengi hulizuru, na si wote wanaokuja kuomboleza. Wamo watalii, wamo wanafunzi waliochoshwa na safari, wamo wanaotaka picha tu. Hakuna anayeudhika, maana kaburi hilo lina mwenyeji. Mgeni hubisha hodi, na akikaribishwa hujua amesimama mbele ya nani.

Sasa tuitazame meli iliyobeba jina la marehemu huyo huyo. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere kilipinduka kikikaribia gati la Bwisya, kisiwani Ukara, na watu 228 wakafa. Siku ya tatu wapiga mbizi walimtoa fundi wa mitambo akiwa hai, kutoka katika chumba ambamo hewa kidogo ilikuwa imesalia. Meli iliinuliwa, ikavutwa ufukweni. Lakini MV Bukoba, iliyozama tarehe 21 Mei 1996 ikielekea Mwanza, ingali chini ya ziwa, na haijulikani ni wangapi waliobaki humo. Abiria wa madaraja ya juu walikuwa na orodha ya majina. Wa daraja la chini hawakuwa nayo. Ndiyo maana hesabu ya waliokufa, ambayo hutajwa kuwa zaidi ya 800, mpaka leo ni makadirio.

Swali langu ni hili: je, ni halali kuingia katika meli iliyozama na watu wake, kwa starehe ya macho tu?

Mbali sana nasi, katika visiwa vya Chuuk, bahari ya Pasifiki, swali hili lina jibu la kila siku. Februari 1944 ndege za Marekani zilizamisha huko makumi ya meli za Wajapani kwa muda wa siku mbili. Leo matumbawe yamevika milingoti, samaki wa rangi zote hupita madirishani, na wageni hulipa ili washuke na mitungi ya hewa. Mifupa ya mabaharia imeonekana humo, na Wajapani wenyewe walirudi baadaye kuitoa mingine wakaichome kwa heshima za mila yao. Wenyeji wa Chuuk hawakuialika vita ile. Mtu atawalaumu kwa kupata riziki kutokana na vyuma vilivyoangukia bahari yao? Mimi siwezi.

Sisi wa kando ya Ziwa Viktoria twaweza kujisifu kwamba hatufanyi biashara hiyo. Watu wa Musoma na Bunda wanajua maji yanavyochukua. Julai 2023, karibu na kijiji cha Mchigondo wilayani Bunda, mitumbwi ilizama na waumini waliokuwa wakitoka kanisani. Hakuna mtalii anayeomba kupelekwa MV Bukoba. Lakini tujiulize kwa ukweli: ni staha yetu inayowalinda wale wafu, au ni tope? Maji ya ziwa ni mazito na ya kijani, hayana matumbawe, na mpiga mbizi hupapasa kama kipofu. Laiti yangekuwa maangavu kama ya Mnemba, sina hakika kwamba kusingekuwa na kibao cha bei pale bandarini.

Kwa hiyo sikubali hoja kwamba kuingia kwenyewe ndiko kosa. Mpiga mbizi wa Ukara aliingia, na mtu akaishi. Mwaka 1996 waokoaji waliitoboa MV Bukoba kwa nia njema, hewa iliyokuwa imeishikilia ikatoka, ikazama. Na nia ile haikugeuka kuwa ovu kwa sababu ya matokeo yake. Wala sikubali kwamba miaka pekee huondoa haramu. Mkataba wa UNESCO wa mwaka 2001 huhesabu kuwa urithi wa kitamaduni kile kilichokaa chini ya maji kwa miaka 100. Kwa manowari ya Kireno iliyozama mbele ya Ngome ya Yesu, Mombasa, mwaka 1697, hesabu hiyo haina ubishi. Vyombo vyake vilipoopolewa miaka ya 1970 hapakuwa na mjane wa kuulizwa. MV Bukoba itatimiza miaka 100 mwaka 2096. Mjukuu wa abiria asiye na jina katika orodha atakuwa amepata nini siku hiyo ambacho hakuwa nacho jana yake?

Tofauti naiona kwa mwenyeji. Msomaji wa Unguja na Pemba hahitaji kufundishwa jambo hili. Baada ya Spice Islander kuzama nje ya Nungwi tarehe 10 Septemba 2011, wapiga mbizi waliletwa kutoka Afrika Kusini, wakashindwa na kina na mkondo. Waliobaki nchi kavu walisali sala ya ghaibu, mbele yao pasiwe na jeneza. Wajaluo, ambao Mara wapo wengi upande wa Rorya, huzika tunda la mvungunya badala ya mwili uliopotea. Sala ile na tunda lile hufanya kazi moja: humpa marehemu mahali, na humpa mwenye msiba haki ya kuitwa mwenyeji wa mahali hapo.

Basi atakayetaka kushuka, hata kwa kupenda uzuri tu, aanzie kwa huyo. Abishe hodi. Huenda akaruhusiwa, na huenda akapewa jina la kwenda nalo. Kwa meli ya Chuuk kazi hiyo ni ya watu wa Chuuk na Japani. Kwa MV Bukoba ni yetu, na bado hatujaianza, kwa sababu abiria wa daraja la chini hajaandikwa popote, na hodi haibishwi kwa asiye na jina.