Pembe ya Ndovu Kwenye Piano Kuukuu

Piano kuukuu karibu zote huumwa magonjwa yaleyale. Pwani, chumvi na unyevu wa bahari huzila nyuzi kwa kutu na kuvimbisha mbao mpaka vibonyezo vikwame. Bara, ukavu wa kiangazi huupasua ubao wa sauti. Nondo hutafuna felti ya sufu inayovikwa nyundo ndogondogo za ndani, na mchwa wakiingia hawachagui. Mengi ya hayo yana dawa. Nyuzi, ambazo hufika 230 hivi, huweza kubadilishwa zote. Ufa huzibwa kwa ukanda mwembamba wa mbao. Hata viungo hufunguka, kwa sababu viligandishwa kwa gundi ya ngozi za wanyama, inayolainika kwa joto na maji. Fundi wa karne ya 19 aliunda chombo ambacho fundi mwingine, asiyemjua, angeweza kukifungua bila kukivunja. Hiyo ni adabu ya kazi ninayoiheshimu sana, na ninaona inatutoka.

Nilipata kukaa na fundi mmoja mzee jijini Dar es Salaam akiwa ameifungua piano ya kanisa. Alichomoa kibonyezo cheupe, akakifuta kwa kitambaa, akakiinamisha kwenye mwanga wa dirisha.

"Tazama hapa, mwanangu. Unaona mishipa?"

Niliiona: mistari myembamba iliyopita ndani ya weupe ule. Juu kidogo, pale kibonyezo kinapoanza kuwa chembamba ili kupisha vile vyeusi, palikuwa na mshono kama unywele, mahali vipande viwili vilipokutana. Kwa kawaida plastiki haina mishipa wala mshono. Ile ilikuwa pembe ya ndovu. Ilikuwa imegeuka manjano kwa sababu kifuniko kilikaa kimefungwa miaka mingi. Pembe hufifia gizani na hutunza weupe wake ikipata mwanga.

Hapo ndipo kazi ya kutengeneza piano inapotuhusu sisi watu wa Afrika Mashariki. Katika nusu ya pili ya karne ya 19, vibonyezo vya piano za Marekani vilitoka kwa wingi katika miji miwili midogo ya jimbo la Connecticut, Deep River na Ivoryton, kwenye viwanda vya Pratt, Read na Comstock, Cheney. Pembe zilichanwa vipande vyembamba, zikaanikwa ndani ya mabanda ya vioo ili jua lizing'arishe, kisha zikabandikwa juu ya mbao. Sehemu kubwa ya pembe hizo ilinunuliwa Zanzibar. Na kabla ya Zanzibar zilikuwa zimebebwa mabegani kutoka ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, zikapita Ujiji na Tabora hadi Bagamoyo, na wapagazi wa ujira na watumwa. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe ambaye nyumba yake ingali ipo Mji Mkongwe, alituachia habari za maisha yake kwa Kiswahili, na humo pembe zinahesabiwa kwa frasila ukurasa baada ya ukurasa, pamoja na vita vilivyopiganwa kwa ajili yake.

Kamati ya kanisa lile ilitaka pembe yote ibanduliwe, ibandikwe plastiki mpya, piano ipendeze. Wapo pia wanaotaka hivyo kwa sababu ya uchungu: kwamba kuitunza pembe ni kuyatukuza mauaji. Uchungu huo ninauelewa, lakini siukubali uamuzi wake. Kuibandua hakumrudishi ndovu, wala hakumpunguzii mpagazi mzigo wake. Kunafuta tu ushahidi kwamba walikuwapo.

Maoni yangu ni kwamba kilichobaki kibaki. Kilichong'oka kizibwe kwa plastiki, hata kama rangi hazitalingana, na asiwepo wa kuionea haya tofauti hiyo. Pembe mpya isitumike kamwe. Mwaka 1989 Kenya iliteketeza tani 12 za pembe hadharani jijini Nairobi, na mwaka huohuo mataifa yakakubaliana kupiga marufuku biashara yake ya kimataifa, Tanzania ikiwa miongoni mwa waliopendekeza. Hakuna muziki wa thamani ya kututoa kwenye msimamo huo.

Fundi yule aliwashawishi wazee wa kanisa, pembe ikabaki. Kama kanisa au shule yenu ina piano iliyo kimya stoo, msiipasue kuni kabla fundi hajaifungua. Ikishapona, iacheni wazi mchana ipate mwanga. Na mwalimu atakayemketisha mtoto mbele yake amweleze kwanza pembe ile ilibebwa na nani, na kutoka wapi.