Nadharia ya Tabia na Mipaka ya Ushahidi Unaoonekana

Mwaka 1913 mwanasaikolojia wa Marekani, John B. Watson, alichapisha makala iliyodai kwamba saikolojia, ikitaka kuwa sayansi kamili, haina budi kuachana na habari za nafsi na fahamu, na kushughulikia tabia peke yake, yaani yale ambayo kiumbe huyatenda na ambayo mtu mwingine yeyote anaweza kuyaona na kuyapima. Dai hilo lilitokana na tatizo la kweli. Tangu Wilhelm Wundt afungue maabara yake mjini Leipzig mwaka 1879, watafiti wengi walikuwa wakitegemea njia ya kujichunguza nafsi, ambapo mtu aliyezoezwa hueleza yanayopita akilini mwake. Na watu wawili walipotoa maelezo yanayopingana, hapakuwa na namna ya kuamua nani yu sahihi, kwa kuwa hakuna awezaye kuingia katika akili ya mwenzake akahakikisha.

Ndani ya dai la Watson, hata hivyo, mlikuwa na madai mawili yaliyofungwa pamoja. La kwanza linahusu ushahidi: kwamba kauli yoyote juu ya akili ithibitishwe kwa jambo linaloonekana. La pili linahusu uhalisia: kwamba ili kumweleza binadamu hakihitajiki kitu kingine zaidi ya vichocheo, yaani mambo ya nje yanayomgusa, na miitiko, yaani matendo anayoyatoa kwa kuyajibu. Dai la kwanza lina nguvu ambayo saikolojia haiwezi kuikana bila kujidhuru. La pili halikusimama, na watetezi wake wengi waliamini kwamba kulithibitisha la kwanza ni kulithibitisha na la pili.

Nguvu ya dai la kwanza huonekana vizuri zaidi kwa mwanasaikolojia B. F. Skinner, ambaye hakukana kuwa watu wana hisia za ndani, bali alikataa hisia hizo kufanywa sababu za matendo. Mwalimu akiulizwa kwa nini mwanafunzi fulani hasomi, hujibu kwamba ni mvivu. Akiulizwa amejuaje kuwa ni mvivu, hujibu kwamba hasomi. Maelezo yamezunguka na kurudi yalikoanzia, na jina la tabia limegeuzwa kuwa chanzo chake, huku swali lenye manufaa, yaani ni nini humpata mwanafunzi huyo anaposoma na anapoacha kusoma, likiwa halijaulizwa kabisa. Watoto wangapi wamehukumiwa kwa majina ya namna hiyo, ilhali mazingira yao hayakuchunguzwa!

Mahali pa majina hayo Skinner aliweka uimarishaji, yaani kanuni kwamba tendo linalofuatiwa na tokeo zuri huelekea kurudiwa. Ushahidi wa nguvu ya kanuni hiyo upo Morogoro, ambako shirika la APOPO, kwa kushirikiana na Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, huwafunza panya buku kunusa baruti. Panya huanza kwa kuzoezwa kwamba mlio mfupi wa kifaa kidogo hufuatiwa na chakula. Kisha mlio huo hutolewa pale tu anapotambua harufu ya baruti miongoni mwa harufu nyingine, mpaka mwishowe aweze kutembea shambani akiwa amefungwa kamba na kuparura ardhi juu ya bomu, ambalo halilipuki kwa sababu yeye ni mwepesi. Mmoja wao, Magawa, alibaini mabomu na silaha ambazo hazijalipuka zaidi ya 100 nchini Kambodia. Hakuna mkufunzi aliyehitaji kujua panya anawaza nini, na wakulima wamerudi katika mashamba yao.

Lakini kufaulu kuibadili tabia si sawa na kuieleza. Mwaka 1930 Edward Tolman na Charles Honzik waliwaacha panya wazunguke katika njia za mzingile kwa siku kumi bila kupewa chakula mwishoni, na makosa yao yakapungua kidogo tu. Chakula kilipowekwa siku ya kumi na moja, kesho yake walipita kwa ustadi uleule wa wenzao waliokuwa wakilishwa tangu mwanzo. Kumbe walikuwa wamejifunza njia bila tuzo, na ujuzi huo ulikaa ndani yao bila kuonekana katika tendo lolote. Jambo la kutiliwa mkazo ni kwamba Tolman aliufikia mkataa huo kwa kupima tabia: ushahidi wa nje ndio uliodai kuwepo kwa kitu cha ndani.

Pigo zito zaidi ni la kimantiki. Nadharia ya tabia ingependa kusema kwamba kuamini jambo ni kuwa tayari kutenda kwa namna fulani. Wavuvi wawili wanaamini kwamba bahari itachafuka. Mmoja anabaki nchi kavu, mwingine, mwenye deni linalombana, anatweka tanga na kuondoka. Imani ni moja, matendo ni mawili, na tofauti yao haielezeki mpaka yatajwe matakwa ya kila mmoja. Na matakwa nayo hayatambulikani katika matendo mpaka yatajwe wanayoyaamini. Kila jaribio la kulitoa neno moja la akili humlazimisha mchambuzi kuliingiza jingine. Lugha inatoa ugumu wa aina hiyohiyo, kama mwanaisimu Noam Chomsky alivyoonyesha mwaka 1959 alipokichambua kitabu cha Skinner kuhusu usemi: mtoto wa Kiswahili hujenga vitenzi vyenye mtenda, wakati, mtendwa na kauli kwa michanganyiko ambayo hajapata kuisikia, sembuse kutuzwa kwa ajili yake.

Lipo pia suala la maadili, ambalo lisingepaswa kuachwa mwishoni mwa vitabu vya saikolojia. Mwaka 1920 Watson na Rosalie Rayner walimwonyesha mtoto mchanga, aliyeitwa Albert katika ripoti yao, panya mweupe ambaye hapo awali hakumwogopa, na kila alipomgusa wakapiga nyundo kwenye chuma nyuma yake, mpaka akawa analia kwa kumwona panya tu, na hata sungura. Aliondoka hospitalini bila woga huo kuondolewa. Nadharia ya tabia inaeleza kwa usahihi jinsi woga ulivyopandikizwa, na mwaka 1924 Mary Cover Jones aliitumia njia ya nadharia hiyo kumwondolea mtoto mwingine hofu ya sungura. Lakini katika msamiati wa kichocheo na mwitiko hamna neno linaloweza kusema kwamba Albert alidhulumiwa, na kwa hilo pekee msamiati huo hautoshi kumzungumzia binadamu.